Siku Dani Aliposimamisha Wimbo

Nyinyi walimu wapya wa chekechea, mnaotembea na kadi shingoni na simu inayopiga picha kila kitu, hebu kaeni kidogo. Nimestaafu. Naishi hapa Katito, nafuga kuku wasionisikiliza, na kila asubuhi nikisikia watoto wakipita kwenda shule moyo unanidunda kana kwamba bado natakiwa kuwahi darasani. Hakuna kazi tamu kama ile! Nasema hivyo nikiwa na magoti mabovu yaliyoharibiwa na viti vya watoto.

Ndiyo, mimi ni mwanaume na nilifundisha chekechea. Chekeni kwanza, mmalize. Majirani zangu walicheka kabla yenu. "Ouma, kwani ulianguka mtihani gani?" waliniuliza. Watoto nao hawakujua waniite nani, maana walimu wote waliowajua walikuwa akina mama. Kuna mmoja aliniita Madam kuanzia Januari hadi tukafunga shule mwezi wa kumi na moja, na mimi nikawa naitika.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Philgona, mama mnene mwenye sauti ya mlango wa kanisa, niliyemkuta katika shule yangu ya kwanza karibu na Dunga. Chuo kilinipa cheti, lakini Philgona ndiye aliyenipa macho. Wiki yangu ya kwanza kulikuwa na mvulana aliyeuma. Ukimgusa amelala, anakuuma. Mkono wangu ulikuwa na alama za meno kila mahali, nikataka aitwe mzazi, nikataka aitwe hata mchungaji. Philgona akaniuliza, "Analala wapi?"

"Sijui," nikasema. "Mimi nataka kujua kwa nini anauma."

"Ndiyo nakuuliza, analala wapi?"

Tukaenda kuuliza. Mama yake alikuwa mchuuzi wa omena. Kabla ya jua kutoka anatakiwa awe ufukweni boti zikiingia, la sivyo anakosa samaki. Kwa hiyo alimbeba mtoto akiwa usingizini, akamlaza kwa jirani, akaenda. Kila siku mtoto yule alilala nyumba moja akaamka nyumba nyingine, na sura ya kwanza anayoiona si ya mama yake. Mimi pia ningeuma! Philgona hakumgombeza mama, kwa sababu watoto lazima wale na samaki hawasubiri mtu. Alimwambia kitu kimoja tu: "Kabla hujambeba, mwamshe. Mwambie unampeleka wapi na unaenda wapi. Hata akilia, mwambie." Kisha darasani tukatandika mkeka kwenye pembe, mtoto akawa analala apendavyo. Hakuuma tena.

Tangu siku ile nilianza kutazama mtoto kuanzia alikotoka asubuhi. Mnaokota ugali mkavu mfukoni mwa mtoto? Msicheke, msiutupe, kwake kuna siku hakupikwi, naye anajiwekea. Mtoto anapigana kila Jumatatu? Ulizeni nani huja nyumbani wikendi. Kichwa cha mtoto hakiugui peke yake. Kinaugua pamoja na nyumba, na jiko, na kodi, na mvua, na yale ambayo watu wazima wanayanong'ona wakidhani mtoto hasikii.

Sasa nije kwa Apiyo, maana ndiye aliyenifanya niwaite hapa.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, nikifundisha shule moja iliyo juu kidogo, upande wa Nyakach tunakoelekea ziwani. Mvua ikanyesha juu milimani, mito ikafurika, ziwa nalo likapanda kukutana nayo. Asubuhi moja tulipofika kazini tulikuta uwanja wa mpira umejaa watu, vitanda, mbuzi, masufuria na wazee waliokaa juu ya magunia. Hema zikasimamishwa. Miongoni mwao alikuwepo bibi mmoja, ambaye kila mtu alimwita Dani, kama tunavyowaita nyanya zetu kwa Kijaluo, na mjukuu wake wa kike, Apiyo, wa umri wa chekechea.

Apiyo hakuongea. Simaanishi aliongea kidogo. Hakutoa neno. Aliingia darasani kwangu, akakaa karibu na mlango, akatazama barabara. Uji akaunywa nusu. Mwanzoni sikujali, watoto wengi wa hema walikuwa kimya, na mawingu yakijikusanya darasa zima lilianza kukojoa. Lakini wenzake wakarudi kwenye kelele zao polepole, yeye akabaki hapo hapo mlangoni.

Sasa mnajua, hapa kwetu jina la Apiyo halipewi kila mtu. Apiyo ni pacha aliyetangulia kutoka. Nyuma yake lazima kuna Adongo. Nasi tulimwona Apiyo peke yake, baada ya mafuriko, na mtoto haongei. Nani angeuliza? Nani kati yetu angeenda kwa bibi aliyepoteza nyumba amwambie, "Mama, pacha mwingine ako wapi?" Tulielewa, au tulidhani tumeelewa. Tukakubaliana kimyakimya. Mpishi alinyamaza, akina mama wa hema walinyamaza, mimi nikanyamaza. Darasani nilikuwa na mtoto mwingine aitwaye Adongo, nikawa namwita kwa jina lake la kanisani, Mercy, ili Apiyo asisikie. Nilijiona mwenye hekima sana!

Mwalimu mkuu wetu, tuliyemwita Madam Mkuu, alikuwa mwanamke mwema na mwenye haraka. Aliandika kuomba wataalamu waje wampime Apiyo, na akapata nafasi katika shule ya bweni ya watoto wasiosikia, mbali kabisa na huku. Wangekuja Ijumaa. Wakikubali, wangeondoka naye.

"Madam, huyu anasikia," nilimwambia. "Mvua ikigonga bati anageuka kabla yangu."

"Anasikia lakini haongei, Mwalimu Ouma. Huko ako na kitanda, ako na uji asubuhi na jioni, ako na watu wanaojua kazi. Hapa ako na nini? Ako na hema."

Dani naye alikuwa ameshakubali, kwa sababu aliposikia kitanda alilia. Roho iliniuma sana. Shule ile ni nzuri kwa mtoto anayeihitaji, lakini niliona tunataka kumchukua mtoto aliyepoteza karibu kila kitu tukamwondolee na yule mmoja aliyebaki.

Nilikuwa na debe langu. Debe tupu la mafuta ya kupikia, na fimbo mbili. Mchana kabla ya kwenda nyumbani nililipiga, watoto wakaimba, na tukafanya kama wanavyofanya watu wazima kwenye ngoma zetu. Mnaijua ile desturi ya pakruok: muziki ukiwa umenoga, mtu anainua mkono, anausimamisha wimbo, anajisifu mbele ya watu mpaka aridhike, ndipo muziki unaendelea. Kwangu mtoto alipiga kelele, "Simamisha!" Mimi nikanyamazisha debe. Yeye akajitaja jina, akajisifu, kisha akauliza, "Nani kama mimi?" na darasa likajibu, "Hakuna!" Wee, ungewasikia! "Mimi ni Otieno, nina kiatu cha kushoto!" "Mimi ni Mercy, mbuzi wetu anajua kuogelea!" Mtoto ambaye wiki nzima amesukumwa kwenye foleni ya maji anasimama pale na wote wanamnyamazia. Jaribuni, mtaniambia. Apiyo peke yake hakuinua mkono hata mara moja, na mimi sikumlazimisha.

Jumatano ile Dani alikuja mapema kumchukua. Akasimama mlangoni akisikiliza debe. Nikamwona anatingisha bega kidogo. Baadaye niliambiwa kwamba ujanani hakuna ngoma iliyompita kutoka Ahero mpaka Sondu. Mara akainua mkono.

"Simamisha!"

Nikasimamisha. Watoto wakakaa wima kwa furaha, maana hawajawahi kumwona mtu mzima akicheza mchezo wao.

"Mimi ni Dani, nyar Kano, binti ya Kano!" akasema, mikono kiunoni. "Maji ilichukua nyumba yangu! Ilichukua kuku, ilichukua jembe, ilichukua mpaka simu! Lakini wasichana wangu ilishindwa! Apiyo ndiye huyu hapa! Adongo ako Kisumu kwa mama yake mdogo, anakula mandazi mpaka shavu imefura! Nani kama mimi?"

"Hakuna!" darasa likapasuka.

Mimi fimbo ilinianguka. Adongo yuko hai! Yuko Kisumu, na mashavu juu! Sisi sote tulikuwa tumemzika mtoto anayekula mandazi.

Kabla sijafunga mdomo, Apiyo akasimama. Akaenda mpaka kwa Dani, akavuta gauni lake, akauliza kwa Kijaluo, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa muda bila kazi, "Adongo chamo mandas?" Adongo anakula mandazi?

"Anakula! Kila asubuhi!" Dani akasema, kisha akatambua nani amemwuliza. Akakaa chini pale pale mlangoni.

Nilikimbia! Mtu wa magoti haya! Nikaingia ofisini bila kubisha. "Ameongea!"

"Nani?"

"Apiyo!"

"Amesema nini?"

"Mandazi!"

Madam Mkuu alitoka mbio na kiatu kimoja. Lakini tulipofika Apiyo alikuwa amerudi mahali pake, amefunga mdomo, anatazama barabara. Madam alinishika bega. "Mwalimu, nakuamini. Lakini Ijumaa hao watu watataka kumsikia wenyewe."

Nikasema basi kesho yake nitampeleka Apiyo Kondele, mtaa wa Kisumu anakoishi yule mama mdogo, amwone pacha wake. Rahisi! Asubuhi ya Alhamisi Dani alimvalisha gauni safi, nami nikachuchumaa nikamwambia kwa furaha yangu yote, "Apiyo, twende Kisumu kwa Adongo!" Mtoto akapiga ukelele. Akakumbatia nguzo ya hema na hakuna aliyeweza kumbandua. Nikaona huyu mtoto anaogopa kitu, na kitu chenyewe si maji. Nikamkumbuka Mwalimu Philgona. Nikamgeukia bibi.

"Dani, Adongo alipoondoka, ulimwambia huyu nini?"

"Nilimwambia ameenda Kisumu, atakuja."

"Na mama yao ako wapi?"

Dani akatazama pembeni. Mama yao, binti yake, aliitwa Akoth. Aliugua watoto wakiwa wadogo, akafia hospitali, akazikwa kwa mumewe, ng'ambo ya Kendu Bay. Mume akaoa tena, watoto wakabaki kwa nyanya. Mazishini hawakupelekwa.

"Wakiuliza mama yao unawaambia nini?"

Akajifunika uso kwa leso. "Mwalimu, nilisema ameenda Kisumu. Atakuja."

Mnaona? Mama alikwenda Kisumu, hakuja. Halafu maji yakaja, Adongo naye akaenda Kisumu, hakuja. Na shuleni Apiyo akaona kwamba hakuna mtu anayelitaja jina la Adongo, hata mwalimu amemwondolea mwenzake jina hilo. Kila alipotugeukia, alikuta nyuso za matanga. Sisi tulinyamaza kwa kuwa tulidhani pacha amekufa, naye akajua pacha amekufa kwa kuwa tulinyamaza. Kwa mtoto yule, Kisumu ndiko watu wanakokwenda kufa, na mimi nimekuja kumchukua!

Nikaenda Kondele peke yangu. Sikuhangaika kumpata yule mama mdogo. Nilifuata harufu ya mafuta mpaka nikaona karai, na kando ya karai kuna Apiyo mwingine, mnene kidogo, anaongea na kila mpita njia. Nilishtuka kweli. Nikajieleza.

"Mwalimu, usinione vibaya," mama mdogo alisema, huku akigeuza mandazi na kufuta macho, nami sikujua kama ni moshi. "Chumba ni moja, na wangu wamejaa. Nilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja. Nikachukua mwenye alikuwa anakohoa, usiku ule ule wa maji, asiingie hiyo baridi ya hema. Ningefanya aje?"

Nikamwambia hakufanya vibaya. Na ni kweli, alifanya alichoweza. Shida ikiingia nyumbani hapa kwetu watoto hugawanywa kwa ndugu, huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba, na kila mtu anakuwa amesaidia. Tunasahau tu kuwaambia watoto wenyewe. Adongo alikuwa amesikiliza yote. Akanivuta shati. "Apiyo alikataa kuja kwangu? Mwambie nimekasirika."

"Utamwambia mwenyewe," nikasema.

Tulifika shuleni watoto wakiwa uwanjani. Apiyo alikuwa mlangoni kama kawaida, anatazama barabara. Akatuona. Hakukimbia. Akaja polepole, akamshika Adongo mashavu kwa mikono miwili, akaminya. Akafungua kiganja cha mwenzake, akakuta nusu ya mandazi, akaila. Akatafuna mpaka ikaisha. Ndipo akasema, "Ulikufa."

"Sikukufa!" Adongo akawaka.

"Ulikufa!"

"Sikukufa! Nilikuwa Kondele! Wewe ndiye ulikataa kuja!"

"Wewe ndiye ulikufa!"

Walisukumana mpaka wakaanguka pamoja kwenye nyasi, nasi watu wazima tukasimama pale tukicheka na kulia kama wendawazimu. Madam Mkuu alikuwa anapiga makofi. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyooa, na mke wangu anajua. Nikadhani kazi imekwisha.

Apiyo akainuka, nyasi kichwani. Akamtazama Dani. "Na Mama? Yeye pia ako Kondele?"

Kicheko kikakatika. Bila shaka angeuliza! Mmoja amerudi kutoka Kisumu. Kwa nini mwingine asirudi? Dani akanitazama, na niliona "atakuja" imeshafika mdomoni mwake. Nikachuchumaa karibu naye, magoti yakalia. "Sema, Dani. Tuko hapa."

Aliwaketisha wote wawili mapajani. "Mama yenu alikufa," akasema. "Aliitwa Akoth. Aliugua, akafa, tukamzika. Hayuko Kisumu. Hatakuja. Mimi ndiye nilisema atakuja, kwa sababu nilishindwa."

Walilia kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. Wakatoka akina mama kwenye hema zao, na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Dani akawasimulia jinsi Akoth alivyopenda kuimba vibaya, akawaonyesha kovu mkononi mwake ambalo Akoth alimtia kwa uji wa moto alipokuwa mdogo. Wakalishika kovu kwa zamu. Jioni hiyo Madam Mkuu alitoa godoro la chumba cha wagonjwa likapelekwa hemani kwa Dani ili pacha wote wawili wabaki naye, mama mmoja akaleta blanketi, na kikohozi cha Adongo tukakipeleka zahanati. Mama mdogo aliacha mandazi kila alipokuja kuwatembelea, na kila alipoondoka aliwaambia anaenda wapi na atarudi siku gani.

Wanangu, sina dawa ya mafuriko wala ya chumba kimoja cha Kondele. Nanyi hamtakuwa nayo. Lakini mtoto anaweza kubeba ukweli mzito ukimpa mtu wa kuubeba naye, na yale mnayomficha anayabeba peke yake. Tajeni majina. Ulizeni yule mwingine yuko wapi, hata kama mdomo unaogopa.

Ijumaa wageni walikuja, wawili, wapole, na mikoba yao. Wakaketi nyuma kwenye vile viti vidogo. Nilikuwa nimeogopa sana. Nikalipiga debe, watoto wakaimba. Nikamtazama Apiyo, akatazama dirishani. Nikaendelea kupiga. Wimbo ukawa unakaribia mwisho.

"Simamisha!"

Nikasimamisha. Apiyo alikuwa amepanda juu ya kiti chake, Adongo anamshikia miguu asianguke.

"Mimi ni Apiyo!" akasema, na sauti yake bado inakwaruza. "Dada ya Adongo, hakufa! Mtoto ya Akoth, alikufa! Na asubuhi nimekula mandazi! Nani kama mimi?"

"Hakuna!" tukajibu sote, wageni pia, nami nikalipiga debe lile mpaka likatoboka.